Kilio Kilichotumika Tena

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba wangu usisimame hapo mlangoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa, njoo ukae hapa miguuni pangu, maana maneno niliyo nayo ni yako kama yalivyo ya dada yako, na pumzi iliyobaki haitoshi kuyasema mara mbili. Mama yenu mdogo yupo, ndiye shahidi wangu; nikikwama anipe maji, nikipotea anirudishe njiani, ila asinisemee, kwa sababu tangu utotoni dada yangu huyu ana tabia ya kunimalizia sentensi na kuzimaliza vibaya. Najua mnataka kusikia nyumba ni ya nani na chumba cha sauti ni cha nani. Tutafika huko. Lakini nitaanza na aibu, kwa sababu nina aibu, wanangu, nina aibu mpaka nashindwa kulala upande huu wa kushoto, upande unaotazama ukuta wa jirani yetu mshonaji. Msije mkadhani ni maumivu ya ubavu. Daktari aliandika ni ubavu, nikamwachia aandike.

Chumba kile nilikitengeneza kwa mikono yangu, baba yenu akiwa hai na akinicheka. Nilipigilia magodoro chakavu ukutani, nikatundika mablanketi juu yake, nikaziba dirisha kwa mbao na matambara, mpaka ukiingia na kufunga mlango unajisikia unavyomeza mate. Baba yenu alisema nimejijengea kabati la kulalia wendawazimu. Lakini kabati lile ndilo lililowalisha na kuwasomesha. Waliingia mle wasomaji wa vitabu vya shule, waimbaji wasio na nauli ya kurudi kwao, watu wa matangazo, na wale wa michezo ya redio waliotaka mlango ulie, kikombe kianguke, mtu akimbie kwenye kokoto. Mimi nilikuwa mlango, nilikuwa kikombe, nilikuwa miguu ya watu wote. Wakaniita Mama Sauti, na jina hilo sikulichukia.

Kisha sauti zikazidi. Nilizihifadhi kwenye kompyuta kwa akili zangu, na akili zangu mnazijua: faili moja niliiita mpya, nyingine mpya kabisa, nyingine mpya ya mwisho, na ile iliyokuja baada ya mwisho nikaiita hii ndiyo yenyewe. Nikitaka sauti ya mvua juu ya bati naambulia mkutano wa wazazi. Ndipo wewe, kifungua mimba wangu, uliporudi kutoka masomoni, ukanikalisha chini, ukaniambia, "Mama, mashine inajua herufi, haijui maana. Ukiiandikia mlango haijui kama mlango ni wa nyumba, wala kama kubisha hodi kunafanyika mlangoni. Lazima tuiambie kila kitu kina uhusiano gani na kingine." Nikakuuliza kama ndiyo hayo uliyokwenda kusomea, maana hata mtoto wa chekechea anajua mlango ni wa nyumba. Ukacheka, hukukasirika. Tukaanza kuiambia.

Tuliiambia kwamba kwikwi ni aina ya kilio, na kilio ni sauti ya huzuni. Tuliiambia sauti hii imetoka kwa mtu huyu, imerekodiwa katika chumba hiki, kwa kipaza sauti kile, siku isiyo na upepo, na inafanana na ile. Uhusiano juu ya uhusiano, mpaka sauti zikawa na ukoo, ukishika mmoja unawapata binamu zake wote. Mtu akiomba nyayo za mzee anayepanda ngazi taratibu, anapewa kabla hajamaliza kunywa chai. Mnakumbuka chafya ya mjomba wenu. Niliandika kwamba ni sauti ya ghafla, nasi tulikuwa tumeiambia mashine kwamba sauti ya ghafla hushtua watu, basi mtengeneza filamu alipoomba kitu cha kumshtua mtazamaji gizani, mashine ikamkabidhi mjomba wenu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na yeye mpaka leo anajisifu kwamba ameigiza.

Nawaambia haya msije mkasema mama alikufa akiichukia kazi yake. Niliipenda. Kilichokuwa kimetupwa kikapata kazi ya pili na ya tatu, na wateja wakawa wanatusifia. Tulipochoka kuandika ruhusa ya kila sauti peke yake, mimi, si ninyi, ndiye niliyesema tuandike kanuni moja tupumzike: kila kilichorekodiwa chumbani mwetu ni kazi yetu, na kila kazi yetu inaweza kutumika tena. Tuliandika hivyo, mashine ikajimalizia yenyewe, ikazibandika ruhusa sauti zote kwa mkupuo. Nikapiga makofi. Nikasema hii ndiyo akili.

Sasa nipeni maji kidogo. Asante, dada.

Mshonaji mnamjua, mmekua mnavaa nguo zake. Lakini hamkuwa na umri wa kujua mambo alipofiwa na mwanawe. Siku ya mazishi hakutoa hata chozi moja. Alisimama na kitambaa mkononi, macho makavu, akawa anawaonyesha watu mahali pa kukaa, na ndugu za mumewe wakaanza kunong'ona kwamba mama gani huyu, ana roho ya jiwe. Walinong'ona kwa namna ile ya kutaka asikie. Baada ya siku kadhaa alikuja kwangu mchana, akaniuliza, "Shoga, kile chumba chako, mtu akiwa ndani kweli hasikiki nje?" Nikamwambia hasikiki. Akaingia. Kabla hajaanza aliniambia niwashe mashine. Alisema, "Nirekodi. Siku nikiwaamini hawa kwamba sikumlilia mwanangu, nije nijisikilize."

Alilia mle ndani, wanangu, kilio ambacho sijakisikia kwa mtu mwingine, na mimi nilikaa naye sakafuni nimemshika mguu. Alipomaliza aliosha uso kwenye karai langu, akarudi kwenye cherehani yake. Hakuwahi kuja kukisikiliza. Alijua kipo, ikamtosha.

Miaka ikapita, tukaanza kazi yetu ya kuifundisha mashine maana, nikafika kwenye kilio kile. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo uso wangu ulipoanguka. Niliandika kwa mkono wangu: kilio, mwanamke mtu mzima, cha ndani, hakina mwangwi, hakina kelele za nje, ubora wa juu sana. Basi. Nikaendelea na faili inayofuata. Rafiki yangu amezika mtoto, mimi nasifia kutokuwepo kwa mwangwi. Nilikuwa najivunia magodoro yangu.

Wewe kitinda mimba ulipoombwa na wale watu wa mashine ya kukatia vitunguu wapate mwanamke anayelia, uliiuliza mashine, mashine ikakuletea kilicho bora, kama tulivyoifundisha. Ilikuwa na ruhusa, umeona mwenyewe. Hukukisikiliza mpaka mwisho. Dada yako anakushambulia kwa hilo tangu tangazo lilipotoka, anakuita kichwa maji mbele za watu, na leo namkataza. Mwanangu, binti yangu, nakukataza. Hakusikiliza kwa sababu mimi na wewe tuliyapanga maelezo vizuri mno hata hakuna aliyeona haja ya kusikiliza. Angesikiliza angemsikia akimwita mwanawe. Angenisikia na mimi, kule mwishoni, nikimwambia, "Lia tu, hapa husikiki."

Husikiki. Nilimwambia hivyo.

Alikuwa dukani ananunua uzi. Redio ikatoa sauti yake, halafu kijana wa tangazo akauliza kwa nini ulie kila ukipika, nunua mashine yetu. Wateja wakacheka. Muuza duka, ambaye hana kosa, akasema, "Huyu mama kalia utadhani kafiwa." Aliuacha uzi juu ya meza akatembea mpaka hapa, akasimama pale kizingitini, akaniuliza, "Shoga, umenitoa mimi?" Hakupandisha sauti. Nikaapa sijui lolote. Niliapa, wanangu, kisha nikafungua kompyuta nikauona mwandiko wangu. Tangu siku ile ameihamishia cherehani chumba cha mbele, mbali na ukuta wetu, na mimi niliyezoea kulala na kuamka na mlio wake nasikia kimya tu. Nimerekodi watu maisha yangu yote, na sauti niliyokuwa naihitaji kuliko zote sikuwahi kuirekodi.

Najua mmejaribu. Wewe kitinda mimba ulikwenda na kikapu, ukarudi nacho kama kilivyokwenda. Ulimwambia tangazo limeondolewa na kwamba uko tayari kufuta kilio chenyewe, kisibaki hata chembe. Uliona unampa kitu kikubwa. Kufuta ni rahisi, mwanangu, ndiyo maana ulikukimbilia. Hata mimi nilitamani kifutwe, nilale.

Leo asubuhi, mkiwa sokoni, alikuja. Hakuingia ndani, alizungumza na mama yenu mdogo pale nje, na dirisha hili lilikuwa wazi. Sijui kama alijua nasikia. Nadhani alijua. Alisema, "Mwambie mgonjwa wako sitaki kifutwe. Wakikifuta, ndugu za mume wangu watakuwa wamesema kweli. Kijana wake alinionyesha kwenye simu walivyoniandika. Wameandika nalia vipi. Hawakuandika namlilia nani."

Dada, si ndivyo alivyosema? Basi, usiongeze.

Hawakuandika namlilia nani. Nimeyageuza maneno hayo tangu asubuhi. Tuliiambia mashine kilio kimetoka kwa nani, kimesikika wapi, ni aina ya nini, kinafanana na nini, kinafaa kwa nini. Uhusiano wote huo tuliutunga sisi, tukauona umekamilika. Kilio kinakwenda kwa mtu, wanangu. Huo hatukuutunga. Na nimejiuliza mtoto yule alikuwa mtu wa namna gani, nikagundua sijui. Alikulia ng'ambo ya ukuta huu. Nakumbuka alikuwa mwembamba. Nakumbuka kikohozi chake kilikuwa kinaniharibia kazi, na niliwahi kugonga ukuta anyamaze. Hayo tu. Mimi Mama Sauti, hayo tu ndiyo niliyonayo.

Kwa hiyo fanyeni ninavyosema. Nyumba ni yenu wawili, isiuzwe maadamu mama yenu mdogo anaishi ndani yake. Chumba cha sauti na vyombo vyake ni vya kitinda mimba, ili ajifunze kukaa na watu kabla ya kukaa na faili. Utando wote wa maana, ule ukoo wa sauti tuliouandika, na kuutunza, ni wako binti yangu, kwa kuwa wewe ndiye unayejua pa kuukata. Ukate pale penye kanuni yangu. Iondoe. Kila sauti iseme yenyewe nani aliitoa, na aliitoa kwa ajili ya nini, na ile ambayo mwenyewe hapatikani ikae kimya, hata kama mteja analia machozi. Utaniambia ni kazi ya miaka. Ndiyo. Uvivu wangu wa siku moja utakugharimu miaka, nisamehe. Malipo ya tangazo msiyale, na msimpelekee yeye, atawatemea mate, na atakuwa na haki. Warudishieni wenye tangazo.

Na mjomba wenu muulizeni kama chafya yake anaitoa. Mzee ataringa, mvumilieni.

Siku ya kunizika, mshonaji akija, akae anapotaka. Asipokuja, mtu asimseme. Narudia... mtu asimseme.

Maji. Hapana, basi, yaacheni.

Kilicho kikubwa ni hiki. Mwendeeni mshonaji nyote wawili, na kompyuta. Msitangulize samahani, samahani amezisikia. Mwambieni mama anauliza, mtoto wako alikuwa nani. Halafu mnyamaze. Atakachosema mkiandike kama anavyokisema, mkiunganishe na kile kilio kwa uhusiano huo mpya, mtakaouita vyovyote atakavyotaka yeye. Alikuwa anapenda nini. Alikuwa mkaidi kwa lipi. Alimwita mama yake vipi alipokuwa anataka kitu. Akisema kwa muda mrefu, msitazame saa. Akikwama, msimjazie maneno, wala msimshike mkono mpaka yeye... mpaka yeye awashike. Akikataa, mrudi. Halafu mwende tena siku nyingine.

Mwenyezi Mungu awalinde, wanangu. Awape masikio. Awape kazi yenye heshima na usingizi pande zote mbili za kitanda. Nimekuwa radhi nanyi. Wewe kitinda mimba... radhi kabisa, usilie, au lia, mimi si mtu wa kukukataza. Shikaneni. Msitupiane hili kosa nikiondoka. Ni langu.

Mbona mmekaa?

Sitaki mnikalie hapa mkihesabu pumzi zangu. Dada yangu yupo, ananitosha. Nikifa mkiwa kwa mshonaji... mtakuwa mmekaa mahali nilipotaka muwe. Nisaidieni kwanza kugeuka. Upande huu. Upande wa ukuta, ndiyo. Taratibu.

Nendeni. Mkifika, mbishe hodi, msubiri afungue mwenyewe.