Paa wa Kilimani, Chura wa Bondeni

Benchi lililo nje ya duka la kinyozi hujaa kabla kahawa haijachemka, na asubuhi hiyo lilikuwa na kesi nzito. Ofisi ya misitu ilikuwa na mlinzi mmoja tu. Aende kilimani kumlinda paa mdogo anayekaribia kwisha, au bondeni kumlinda chura wa mitini, naye anakwisha vilevile? Wakazi waseme. Randa, seremala wa mtaa aliyelichonga benchi hilo, alikuwa upande wa paa tangu kikombe cha kwanza, na sababu yake hakumwambia mtu: mbao zake zote zilitoka bondeni, tena bila kibali.

— Paa ana heshima zake, alisema. Ana miguu minne, ana macho ya huruma. Chura ana nini?

— Hata yeye anayo minne, akasema Kinyozi.

— Ila haitumii inavyotakiwa.

Kinyozi akamtetea chura. Kwa maelezo yake, chura yule ndiye anayeita mvua. Akinyamaza, mawingu hayajui pa kushukia. Mama Kahawa akamuuliza mbona mwaka jana chura alipiga kelele wiki nzima na halikudondoka hata tone. Kinyozi akajibu kwamba zile zilikuwa za majaribio. Randa aliona kushindwa na kinyozi ni aibu, akapandisha dau: paa ndiye anayechimba njia msituni kwa kwato zake, bila yeye hata mto ungepotea.

— Kwa hiyo mto unamfuata paa? akauliza Mama Kahawa.

— Mama, we mimina tu.

Hapo akafika mwanamke mwenye daftari, karani wa ofisi ya misitu, kuandika maoni. Wakasogea kumpa nafasi. Akaketi, akapapasa benchi kwa kiganja.

— Zuri hili. Mti wake mmeutoa wapi?

Kinyozi akakumbuka kunoa wembe. Mama Kahawa akachungulia ndani ya birika kana kwamba kuna mtu humo. Hakuna aliyemtazama Randa, na hapo ndipo Randa alipojua kwamba wote walijua, siku zote, na walikuwa wanamsitiri. Aibu ikamshika barabara.

— Niandikie chura, akasema.

— Si ulikuwa wa paa wewe? akanong'ona Kinyozi.

— Paa anajua kukimbia. Mti ukianguka, chura yumo.

Karani akaandika. Lile swali la benchi hakulirudia.