Bi. Mwanapili binti Machano, Aliyewaletea Watu wa Ng'ambo Mboga za Kidichi

Assalamu alaykum. Jamaa, majirani na nyote mliokaa kwenye majamvi haya kabla ya hitima kusomwa, familia imemtuma Msabah Machano, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, na imemwagiza asipunguze wala asipambe.

Bi. Mwanapili alizaliwa Ijumaa, tarehe 12 Aprili 1912, Kidichi, akiwa mtoto wa kwanza wa Machano Kificho, Mtumbatu aliyekwenda huko kuchuma karafuu msimu mmoja akaishia kubakia, na Bi. Mwanakheir binti Sheha, na nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya udongo na makuti ndani ya shamba la mtu, kwani baba yake, kama jirani zake wote, aliruhusiwa kupanda muhogo na migomba chini ya mikarafuu kwa sharti la kuipalilia, ardhi ikawa ya mwenye shamba na jasho likawa la mkulima.

Alitiwa chuoni Bububu mwaka 1919, akakhitimu Kurani mwaka 1924, na skuli hakwenda, kwa kuwa karibu na kwao haikuwapo ya kumpokea mtoto wa kike, akashika jembe pamoja na baba yake, na hadi anaolewa hakuna aliyempita kwa kuotesha mchicha.

Mwezi wa Mei 1930 aliolewa na Matar Mkubwa, hamali wa bandarini, akahamia Kikwajuni, huku mitaa ya Ng'ambo ya mji, katika nyumba hii tuliyokaa, na Mwenyezi Mungu akawaruzuku Khamisa mwaka 1932, na pacha, Kurwa na Doto, mwaka 1940. Doto alifariki tarehe 14 Septemba 1943, katika miaka ya vita na mgao, baada ya kudhoofika miezi mitatu, na daktari alikuwa ameagiza apewe mboga na matunda mabichi kila siku, lakini kila mama yake alipofika sokoni wapishi wa majumba ya matajiri wa Shangani na Vuga walikuwa wameshamaliza mnada, naye akiokota majani yaliyosinyaa, ilhali Kidichi kwao ndizi ziliivia mgombani zikaliwa na kima kwa kukosa wa kuzileta.

Aliishi na jambo hilo miaka minane bila ya kulizungumza, hata mwaka 1951, mumewe alipoacha uhamali kwa maumivu ya mgongo, akauza vipuli vyake na pete yake ya harusi, akanunua punda na gari, akaenda Kidichi kuzikusanya familia sita za wakulima, ya Msabah anayewasomea ikiwamo, akawaambia, "Nyinyi limeni, mie na Matar tutachukua, na kitakachochumwa alfajiri kiliwe Ng'ambo adhuhuri."

Ikawa hivyo kwa miaka saba, kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, gari likifika hapa barazani na mchicha ungali na umande, mabamia, matembele, muhogo na ndizi mzuzu, na kanuni yake mnaijua, kwanza wenye wagonjwa na wazazi waliojifungua karibuni, halafu majirani, na mpishi wa bwana mkubwa akija hupanga mstari nyuma ya mke wa hamali.

Baada ya uchaguzi wa 1957 siasa za vyama ziliingia mpaka jikoni, watu wakanyimana salamu, wakasusiana maziko, na waliokuwa wakinunua kwake wakaanza kumuuliza yeye ni wa wepi, akijibu, "Mie nauza mboga," jibu ambalo upande mmoja uliona ni ujanja na upande wa pili ukaona ni usaliti, kila upande ukawakataza watu wake kugusa kikapu kilichoguswa na wa upande mwengine.

Jumatatu, tarehe 24 Machi 1958, katika siku za mwanzo za Ramadhani, gari lilikuja limejaa vitu vya futari, akakaa barazani tangu asubuhi mpaka alasiri bila ya kuuza hata fungu moja, na jirani yake wa ukuta mmoja, Bi. Shemsa, alipopita, alimwita.

"Shoga, leo hununui?"

"Nnataka, Mwanapili, lakini watu wananitazama."

"Basi chukua bure."

"Hata bure siwezi," akasema Bi. Shemsa, akaingia kwake akafunga mlango.

Bi. Shemsa yupo hapa leo, na ni yeye mwenyewe aliyeiomba familia maneno hayo yasomwe kama yalivyosemwa. Mchicha ule ulioza hapo barazani mbele ya macho ya mtaa mzima, na marehemu aliufagia mwenyewe, hakumruhusu mtu kumsaidia.

Mwezi wa Juni mwaka ule ule, nokoa wa shamba la Kidichi, aliyekuwa msimamizi wa mwenye shamba, aliwaamuru wakulima wote sita wahame kwa sababu ya kura zao, migomba ikakatwa na muhogo ukang'olewa ungali mizizi mitupu, na Bi. Mwanapili alipofika na gari lake alimkuta Msabah amekaa juu ya kitanda kilichotupwa njiani, akamuuliza, "Umekula?" kisha akapakia kitanda badala ya mboga, akarudi nacho mjini.

Gari halikutoka tena. Mumewe Matar alifariki Oktoba, naye marehemu akaanza kuugua moyo mwezi wa Novemba, akalazwa mara mbili, na tarehe 2 Machi 1959, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, akafariki nyumbani mikononi mwa Khamisa, akiwa na umri wa miaka arubaini na sita. Aliusia azikwe Kidichi ubavuni mwa wazazi wake, mwenye shamba akakataa, akazikwa mjini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wakulima wenzake waliokuja kwa miguu kutoka huko walikotawanyika, na majirani wa Kikwajuni wa pande zote mbili, mlioacha tofauti zenu mkapokezana jeneza lake mpaka makaburini, na kwa hilo Mungu atawalipa, ingawa familia haiwezi kuficha kwamba mlikuwa wengi zaidi kumzika kuliko mlivyokuwa kumnunulia.

Baada ya hitima msiondoke, mtakula wali, na mtatuwia radhi kwa mchuzi wake, maana mboga zimenunuliwa sokoni na ni za juzi, na kutoka Kidichi haleti mtu tena.

Dada Mwanapili, Mungu akupe kaburi la wasaa, upumzike kwa amani.