Siku Mama Julienne Alipokaa Kwangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Leo nimefika kabla ya wimbo wa kwanza, na ninyi mnaonijua mnajua kwamba hilo peke yake lingetosha kuwa ushuhuda. Ningeweza kushuka sasa hivi nikaketi. Lakini Mungu amenitendea zaidi ya hapo, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mimi ni Mama Béa, mshonaji wa hapa Manika. Wengi wenu nimewapima viuno. Wengi wenu pia nimewaambia "kesho", na hiyo kesho mkaingoja mpaka mkachoka.

Ndugu zangu, sikuzaliwa na jina la mvivu! Nilikulia katika kambi ya wafanyakazi, zamani zile kampuni ya shaba ilipokuwa bado na nguvu zake. Jamani, maisha yale! Sirene ya kiwandani ililia asubuhi na kambi nzima ikaamka pamoja. Baba zetu walitoka na kofia zao za kazi, sisi watoto tukatoka na soksi nyeupe kwenda shule. Siku ya posho tulibeba unga na samaki wa chumvi kutoka kantini, tukicheka njia nzima. Mama yangu aliketi mlangoni na sinia lake, akichagua maharagwe, na kila mara akainua sauti: "Odile, kamata ndoo! Mwaga maji! Sasa fagia!" Odile huyo ndiye mimi, nami nilifagia, nikaosha vyombo, nikashona vifungo vya shati la baba, yote kabla jua halijawa kali. Majirani walinisifu kwa bidii. Naam, mimi! Hata leo nikisikia harufu ya chokaa iliyonyeshewa mvua, namkumbuka mama pale mlangoni na machozi yananilengalenga.

Baadaye kampuni ililegea, sirene ikanyamaza, wazazi wetu wakaondoka duniani mmoja mmoja. Niliolewa, nikaweka cherehani katika nyumba yangu mwenyewe, mchana kutwa niko peke yangu. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza. Kitambaa kiko mezani. Najua pa kupima, najua pa kukata, na kazi naipenda. Lakini mkono hauendi! Nafagia sebule iliyokwisha kufagiwa. Nachemsha chai. Napanga nyuzi kwa rangi zake, halafu natoka kununua sindano wakati sindano ninazo tele. Kichwani nguo imekwisha kushonwa na kupigwa pasi, ila mezani kitambaa kiko vilevile kilivyoletwa. Jua linazama nami nimechoka kuliko mtu aliyelima.

Mnaikumbuka sikukuu ya mavuno, mama za kwaya walipoimba na nguo kuukuu? Sare zao zilikuwa kwangu, ndugu zangu. Niliwaambia cherehani imeharibika. Haikuharibika! Watu wa maombi walikuja, wakaniwekea mikono, wakakemea roho ya uvivu mara tatu. Siwalaumu, walikuja kwa upendo. Nililia, nikaanguka, nikaamka na furaha, na keshoye kitambaa kikabaki mezani. Nikajiambia basi, hata Mungu amenichoka.

Ndipo mama mzazi wa Mama Julienne alipofariki. Mama Julienne ni rafiki yangu tangu kambini, tulikaa dawati moja. Aliniletea vitenge vya kumaliza matanga, rangi ya zambarau yenye ndege weupe wadogo, nguo tisa. Mnajua maana yake kwetu: siku hiyo familia nzima inasimama mbele ya watu na kitambaa kimoja, msiba unafungwa, watu wanarudi kwenye maisha. Na Mama Julienne ndiye mtoto mkubwa. Wasipovaa, aibu ni yake, na itamfuata kila msiba utakaokuja. Alinipa miezi miwili.

Miezi ikaisha, kumaliza matanga kukawa Jumamosi. Jumanne ya wiki hiyohiyo akaja.

"Mama Béa, bikwembe byangu biko wapi?"

Nikamwonyesha vile vitenge. Akavishika, akavifunua kimoja kimoja.

"Hauyakata ata kimoja?"

"Ata kimoja, mama."

"Juu ya nini? Mi nilikukosea nini?"

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma! Kumbe miaka yote hiyo watu walidhani nawadharau. Uongo wangu wote ulinikimbia, nikabaki na ukweli mtupu.

"Haukunikosea kitu," nikamwambia. "Mi najua kushona, na nataka. Ni kuanza njo kunanishinda. Kila siku kunanishinda."

Alikusanya vitenge vyake, akafika mlangoni, na hapo mvua ikashuka, mvua ya Kolwezi mnayoijua, mpaka mabati yakanguruma. Asingeweza kutoka na vitambaa vile. Akarudi, akaketi, uso umekunjwa. Na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, akavuta kikapu changu cha karanga, akaanza kuzibambua. Bila kuniangalia akasema: "Nguo ya mutoto mudogo njo mwepesi. Kamata makasi, anza na ile."

Nikashika mkasi. Nikakata!

Mvua ilipokwisha, vipande vya nguo mbili vilikuwa tayari mezani. Mama Julienne alivitazama, akanitazama mimi, akacheka kwa mshangao. "Kesho nitarudia na maharagwe yangu," akasema. Akarudi Jumatano, na Alhamisi, na Ijumaa. Hakunifundisha kitu. Alikaa tu na kazi yake, mara mojamoja akiuliza, "Sasa inafuata gani?"

Jumamosi familia ile ilisimama, tisa wote, ndege weupe kila upande! Mama Julienne alimlilia mama yake kichwa juu. Nami nyuma ya watu nilikuwa namlilia wa kwangu, kwa sababu siku ile ndipo nilipoelewa. Nilidhani mama alikuwa anaketi mlangoni kuchunga uvivu wetu. Kumbe alikuwa ananisaidia kuanza, miaka yote ile, na mimi sikumshukuru.

Baadaye nilimweleza muuguzi wa zahanati, akanituma kwa daktari Lubumbashi, naye akanieleza kwamba wako watu ambao kichwa chao kinashindwa kupanga kazi na kuianza, ingawa nia na akili wanazo. Ni shida yenye jina, na inasaidiwa. Haleluya! Nililala usingizi wa mtoto.

Ndugu zangu, msidhani nimepona kabisa. Mama Julienne yuko Tenke, binti yake amejifungua, na kwa wiki mbili sasa cherehani yangu imefunikwa. Lakini Mungu ameniondolea ile aibu ya kupita nyuma ya soko nisikutane na mtu. Namshukuru kwa mvua ile! Na wewe unayenisikiliza, mwenye kazi iliyolala nyumbani hata unaogopa kuitazama, mtumaini Mungu, kisha mwambie mtu mmoja ukweli. Mungu anao watu wa kutuma.

Nianze mimi. Mama mchungaji, nakuona pale mbele. Alhamisi nilikuambia nguo yako ya arusi ya binti yako imebaki vifungo tu. Nilisema uongo. Haijakatwa. Nisamehe, mama. Wiki tatu bado tunazo, na kushona najua. Nakuomba mbele ya kanisa lote: Jumatatu asubuhi chukua kazi yako ya mkono, uje ukae kwangu.