Vigingi Nyuma ya Kiti cha Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, tangu uketi hujageuza shingo. Kiti chako kimeligeuzia dirisha mgongo, na aliyekipanga hivyo si sisi. Sisi asubuhi tulikiweka kikitazama uwanja wetu wa mpira. Watu wako wakaja, wakakigeuza kitazame runinga.

UKARIBISHO
Karibu katika karakana ya mbao, tunamotazama mashindano haya ya dunia tangu mechi ya kwanza. Runinga ni zawadi yako. Ni kubwa kama mlango na picha yake imetulia. Tunashukuru, ila tunashukuru kwa jicho moja. La pili tumelibakiza.

HISTORIA
Sisi hatusahau. Mashindano yaliyopita mlituletea spika. Tulipoizima, kisima kilikuwa kimeshaingia ndani ya ukuta wa mtu. Yale ya kabla yake zilikuja fulana. Tulipozivua, njia ya mkato ya kwenda shule ilikuwa na geti. Kwa hiyo runinga ilipofika tuliuliza: safari hii ni nini? Mpira ukaanza, tukajisahau.

MAFANIKIO
Tumetazama mechi zote. Tumebishana mpaka sauti zikakauka, tukiulizana iwapo kidole cha mguu cha mshambuliaji wa nchi tusiyoifahamu kilikuwa kimeotea.

Mmoja wetu tu hakutazama. Ni shangazi yetu, fundi cherehani, mshika kibendera wa uwanja wetu kwa miaka kumi na tisa. Kazi hiyo imemharibu: hawezi kufuata mpira, macho yake yanakwenda kwenye mstari. Siku ya ufunguzi alikaa dirishani.

"Shangazi, mpira uko huku," seremala akamtania. "Au una mchumba huko nje?"

"Mpira una macho mia humu ndani, baba. Mstari wa kule nje una ya nani?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anawaona watu wawili wakipigilia vigingi vyekundu kwenye kona.

CHANGAMOTO
Kila mechi, vigingi viliongezeka. Robo fainali vilifika golini. Nusu fainali kimoja kilikaa juu ya nukta ya penalti. Shangazi alipouliza, msaidizi wako alimjibu kwamba vinapima urefu wa nyasi. Mgeni rasmi, uwanja wetu hauna nyasi.

Jana alikiendea kile cha penalti, akaking'oa, akakileta hapa mbele ya macho yetu. Leo ameitwa kituo cha polisi, saa kumi kamili, fainali inapoanza. Yeye anasema potelea mbali. Lakini asubuhi yote tulimwona cherehanini, uzi haupiti kwenye sindano.

MAOMBI
Tulikuwa na orodha ndefu, tumeichana. Hatuombi jezi, wala nyavu. Kama vigingi hivyo huvijui, hutaona tabu kwenda kuvitazama. Kama unavijua, basi nasi sasa tunajua.

Mungu akujalie afya, macho mazima na shingo inayogeuka. Ni sisi, Watazamaji wa Karakana ya Mbao, pamoja na shangazi yetu, yule aliyesimama mlangoni na kibendera chake juu.

Sasa ni saa kumi kasoro dakika kumi. Runinga tumeizima. Inuka, mgeni rasmi, toka naye, ukang'oe kigingi chako cha kwanza.