Jiko la Chaki

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kuziba pancha na kibanda changu cha kutengeneza simu. Ukikaa hapo asubuhi unapata kivuli cha ukuta, kahawa ya birika moja, na ushauri ambao hukuomba. Ila Jumanne ile hukuweza kukaa bila kwanza kuruka sinki. Rula, fundi wetu wa kaunta na makabati, alikuwa amechora jiko zima kwa chaki mbele ya benchi, ukubwa uleule wa nyumbani: mlango hapa, dirisha pale, kaunta imejikunja kwenye kona. Mwenye jiko ni Mlingoti, mziba pancha. Tunamwita hivyo kwa sababu akisimama wima, turubai la kibanda chake linamkaa kichwani kama kofia. Mkewe alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, anarudi Jumamosi, na Mlingoti kaapa akirudi atakuta jiko jipya, lile alilomwahidi siku wanahamia, miaka minane nyuma. Zege la kaunta linamwagwa siku hiyohiyo, saa nane mchana. Likishakauka, mazungumzo yote ni ya nyundo.

— Bajeti imekaa, alisema Mlingoti, akachomoa bahasha tatu kwenye ovaroli. Hii vifaa, hii mafundi, hii dharura. Miezi kumi na minne ya pancha hiyo mnayoiona.

— Ya dharura imekonda, alisema Asilimia.

Asilimia alikuwa karani wa ghala mpaka alipostaafu, na mpaka leo hawezi kukuambia mvua itanyesha bila kukupa na asilimia zake.

— Majiko sabini kwa mia yanakwama kwenye dharura.

— Majiko ya wapi hayo? niliuliza mimi.

— Ya utafiti.

— Utafiti wa nani?

— Kijana, mimi nimestaafu. Kuna vitu siruhusiwi kutaja.

Rula alikuwa kapiga magoti kwenye kona ya kaunta, penseli sikioni, chaki mdomoni kama sigara.

— Dharura inatoka wapi? Hapa kila kitu kimepimwa. Sinki tunaliacha palepale, maana ukihamisha bomba, bahasha inalia. Vigae nusu ukuta, huko juu rangi. Jiko la gesi hapa, friji pale. Mlingoti, hebu tembea uwaonyeshe.

Mlingoti akasimama mbele ya sinki la chaki, akapiga hatua mbili, akafika kwenye gesi. Hatua mbili nyingine, friji.

— Umeona? alisema Rula. Mbili mbili. Shemeji atapika kama anacheza muziki.

— Na urefu wa kaunta? niliuliza.

— Ule pale.

Kwenye nguzo ya umeme kulikuwa na mstari wa chaki. Rula alikuwa amemsimamisha Mlingoti pale asubuhi, akapima kiunoni.

— Mgongo haupindi hata kidogo, alisema Mlingoti, akaenda kusimama kwenye nguzo, akajifanya anakatakata vitunguu hewani. Angalia. Naweza kukata gunia zima.

— Wewe umewahi kukata kitunguu lini? alisema Asilimia.

— Nasema uwezo ninao.

Basi mambo yakawa mazuri, na kwenye benchi letu mambo yakiwa mazuri ndipo yanapoharibika. Nilichukua chaki nikaongeza soketi sita, maana mtu akipika simu inakuwa kwenye chaji. Asilimia akataka tundu ukutani la kupitishia sahani, jiko lionane na sebule.

— Tundu kitu gani, alisema Rula. Ukitoboa, weka na reli. Sahani inateleza yenyewe mpaka mezani.

— Na kurudi?

— Inarudi tupu, nyepesi. Unaisukuma kwa kidole.

— Basi na sakafu tuipe mteremko, alisema Asilimia. Maji yajideki yenyewe. Unaokoa asilimia arobaini ya ufagio.

Mlingoti alisikiliza yote, macho yanang'aa, kisha akaiinua ile bahasha ya dharura.

— Hii naifungua. Weka makabati ya juu, Rula. Mpaka dari.

— Ndugu yangu, ile ni ya dharura, nilimwambia.

— Dharura ya nini na kila kitu kimepimwa? Safari hii sikosei.

Safari hii, kwa sababu ile nyingine tunaikumbuka wote. Alimnunulia mkewe kabati la nguo la kumshtukiza, likagoma kupita mlangoni, mpaka leo liko barazani na kuku wanataga humo. Mkewe hakugomba. Alicheka tu, akawa anaokota mayai kwenye droo. Mlingoti aliniambia siku moja kwamba kile kicheko angelipa hela asikisikie tena.

Hapo ndipo akatokea mama mmoja anasukuma baiskeli, gurudumu la nyuma limeisha upepo. Mfupi, mikono minene, ndoo mbili za vitunguu kwenye kapu la nyuma. Alifika kwenye chaki akasimama.

— Habari za hapa. Napita wapi?

— Mlango uko kushoto, mama, alisema Rula bila kucheka.

Yule mama naye hakucheka. Akazunguka, akapita mlangoni, akaisimamisha baiskeli kwenye friji. Mlingoti akashusha ndoo, akageuza baiskeli juu chini, akaanza kuchomoa mpira.

— Hili jiko la nani?

— La kwangu, alisema Mlingoti. Namfanyia mke wangu.

— Hongera, baba. Mimi mpishi wa bweni la shule, watoto mia mbili na kitu. Naweza kuangalia?

— Angalia tu, ukosoe ukiweza, alisema Rula, mikono kiunoni.

Mama akasimama kwenye sinki. Akatembea kwenda kwenye gesi: moja, mbili, tatu, nne. Akarudi. Nne tena. Kisha akauona mstari kwenye nguzo.

— Na huu?

— Urefu wa kaunta.

Akaenda akasimama pale. Mstari ulimfika kifuani. Akanyanyua viwiko vyote viwili kama kuku anayetaka kuruka, akajaribu kukata kitunguu cha hewani.

— Huyo mkeo anafika wapi? aliuliza.

Swali dogo hivyo. Mlingoti akaacha mpira, akasimama, akaweka mkono kifuani. Akauangalia. Akaupandisha begani. Akaushusha kidogo.

— Hapa, alisema. Akivaa viatu.

— Jikoni anavaa viatu?

Mlingoti akamwangalia Rula. Rula akaangalia chaki.

— Wanawake sitini na mbili kwa mia wanafika bega la mume, alisema Asilimia.

— Na hao thelathini na nane, mzee wangu?

— Hao hawakuhojiwa.

— Lakini mama, hicho ni kipimo cha kawaida, alisema Rula.

— Kawaida ya nani?

— Nimempima mwenye jiko.

— Mwenye jiko yuko kwa dada yake, nilisema mimi, na Rula akanikata jicho.

Mlingoti akafuta mikono, akavuka barabara kwenda kwake, nyumba ya tatu. Alirudi na aproni ya mkewe, ya bluu, imepauka. Akampa yule mama kwa mikono miwili.

— Hii anaivaa kila siku. Haiwezi kutusaidia?

Mama akaikunjua. Chini kabisa, karibu na pindo, kulikuwa na mstari mweupe uliolika, umenyooka kutoka upande hadi upande.

— Huu ni ukingo wa kaunta ya sasa. Unamsugua hapa anapoosha vyombo. Akaligusa paja lake kuonyesha. Kaunta iko chini mno. Miaka mingapi?

— Minane.

— Basi miaka minane anainama. Na nyinyi leo mnamtoa mapajani mnampeleka kifuani.

Mlingoti aliushika ule mstari kwa vidole viwili, akawa anaufuata taratibu mpaka mwisho.

— Na hapa pa kukatia mmeweka kulia kwa sinki, aliendelea mama. Anatumia mkono gani?

— Kulia, alisema Rula. Watu wote ni kulia.

— Tisini kwa mia, alisema Asilimia.

— Sijauliza watu. Nauliza yeye.

Mlingoti akafumba macho. Tulimwona anajitahidi: mkono wake wa kulia unashika kisu cha hewani, unahamia kushoto, unarudi. Rula akaichukua aproni akaikagua kama polisi.

— Madoa mengi yako kushoto. Anafutia kushoto, kwa hiyo ni wa kushoto.

— Au kisu kiko kulia, anafutia huo uliobaki, nilisema.

— Au anafuta mikono yote miwili, alisema Asilimia, na kwa mara ya kwanza hakutoa hesabu.

Nikainua birika. Likatoa mashapo, kikombe nusu. Saa saba na robo. Huko kona ya barabara, mkokoteni wa saruji ulikuwa umeshakata kuja kwetu.

Mlingoti akaiokota bahasha ya dharura kwenye benchi, akairudisha mfukoni, akatoa simu. Ile simu spika ya sikio ilikufa mwezi jana na mimi ndiye ninayeahidi kuitengeneza, kwa hiyo anaongea kwa spika ya nje, mtaa mzima unasikia. Ikaita mara nne.

— Ehe, baba watoto, ilisema sauti ya shemeji, na kichanga kinalia nyuma yake.

— Samahani kukusumbua. Hivi wewe, ukikata vitu jikoni, unatumia mkono gani?

Kichanga kikanyamaza. Mkokoteni ukafika, ukasimama kwenye mlango wa chaki.

— Umevunja nini? aliuliza shemeji.

Mlingoti akaiangalia nyundo ya Rula, akauangalia ule mstari kwenye nguzo.

— Bado.