Ratili 21, Ratili 32, Karatasi Ileile

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha uchapaji hapa Kurasini, Bwana Mwinshehe Pazi, mtunza stoo ya karatasi, anastaafu leo, tarehe 31 Desemba 1957.

Alianza mwaka 1926 akipakua mabunda yaliyotoka bandarini. Kufikia 1934 alikabidhiwa funguo za stoo. Dole gumba lake ni maarufu: akipapasa karatasi tu, anakutajia uzito wake. Mkewe, Bi Zuena, analalamika kwamba hata kadi ya harusi mumewe huipapasa kwanza, kusoma baadaye. Jamani!

Lakini mwaka 1949 nusura tumpoteze, na kosa lilikuwa langu mimi, Revelian, karani wa oda. Kitabu cha shule kiliagiziwa karatasi ya ratili 32. Nikaona stoo imetoa ya ratili 21. Bila kuuliza, nikamwandikia meneja kwamba Mwinshehe ameiba karatasi nzito na kutoa nyepesi. Akasimamishwa kazi siku tisa, na huko kwao Temeke majirani wakamwita mwizi.

Siku ya kumi aliitwa ajitetee. Hakupiga kelele; aliomba mkasi na mizani ya barua. Akakata vipande hamsini hamsini vya ukubwa mmoja kutoka kila aina, akaviweka huku na huku. Mizani ikalingana sawasawa! Ndipo akatueleza, sie tuliojiona wasomi, kwamba ratili hizo ni za rimu nzima ya karatasi mia tano. Ile ya 32 ni Dabo Krauni, karatasi kubwa. Ya 21 ni Demi, ndogo. Uzito hutofautiana kwa ukubwa tu, karatasi ni ileile, na kitabu kile kilifaa kuchapwa kwa Demi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu iliyofuata alibandika ukutani jedwali la kugeuzia vipimo, akaongeza na gramu 75 kwa mita ya mraba, kwa ajili ya mabunda ya kutoka Uswidi. Tunalitumia mpaka leo. Mie alinifundisha kulisoma kwa subira, wala hakunisimanga hata siku moja.

Meneja alimwomba radhi palepale. Mimi nilinyamaza, na aibu hiyo nimeishi nayo miaka minane. Basi, majirani wa Temeke mlioalikwa leo, someni wenyewe: Mwinshehe hakuiba hata karatasi moja. Mwongo nilikuwa mimi.

Kaka Mwinshehe, ahsante kwa yote. Wenzako wote tunakuombea afya na mapumziko ya raha na Bi Zuena. Nami naomba unisamehe.