Enoka Cheche Ameanguka Jukwaani

Mwaka ule magazeti yalikuwa yameanza kuzaliana, kila wiki jina jipya, na yote yalifika Bunda na vumbi la basi, habari ya juzi ikisomwa kama ya leo. Yalisomewa kwenye benchi lililokuwa mbele ya kibanda cha kunyoa cha Felisian, jirani na stendi. Wasomaji walikuwa walewale. Masatu alikuwa karani wa ghala la pamba la ushirika. Walipompunguza kazini alibaki na suti ya kijivu, na watu wakamwita Waziri. Alfonce alitengeneza redio, kwa hiyo jina lake halikuhitaji kutafutwa: Redio. Boniphace alikuja na birika lake la kahawa na kukaa mpaka liishe. Felisian mwenyewe alinyoa mlangoni, penye mwanga, akisikiliza zaidi ya kusema. Juu ya mlango wake palikuwa na ubao wenye picha ya Enoka Cheche, mwanamuziki, mtoto wa Nyamuswa. Mchoraji alikosea pua na macho, lakini nywele alizipatia, na kwa kinyozi hilo lilitosha.

Asubuhi hiyo Waziri alisoma kwa sauti ya mkutano. Enoka Cheche ameanguka jukwaani Dar es Salaam, wimbo ukiwa katikati. Amekimbizwa hospitali. Mfukoni wamemkuta na kitu.

— Rudia hapo pa mfukoni, alisema Redio.

— "Vijikaratasi vyenye unga mweupe unaodhaniwa kuwa ni dawa za kulevya."

— Unaodhaniwa, alisema Felisian, kiwembe mkononi. Maana yake hawajui.

— Maana yake wanajua, ila wanaogopa mahakama, alijibu Waziri. Felisian, huyu si alikuja hapa akawakusanya wanafunzi uwanjani, akawaambia waache bangi? Mimi nilikuwepo. Nilipiga makofi mpaka mikono ikauma. Sasa anirudishie makofi yangu.

— Bangi ni nzuri?

— Nani kasema ni nzuri?

— Basi hakuwadanganya.

— Kadanganya! Tena vibaya zaidi, maana kadanganya kwa maneno ya kweli. Mtu kama yule haimbi peke yake. Akivaa kofia, Bunda nzima inavaa kofia. Akivuta unga, je?

Redio alitikisa kichwa kama fundi aliyeletewa redio iliyoharibiwa na fundi mwingine.

— Hajavuta, alisema. Kavutishwa. Kanda yake mpya mimi nimeisikiliza sana. Sauti imepanda. Sauti ya mtu mzima haipandagi hivihivi. Wanaupakaga kwenye kipaza sauti. Yeye anaimba, akivuta pumzi unaingia, na hana habari.

— Nani anapaka?

— Wenye studio. Akishauzoea, atawakimbia aende wapi?

— Tazama mbali, Alfonce, alisema Waziri. Jiulize huo unga umepita wapi. Enzi zile za foleni hata unga wa ugali tulikuwa tunaupata kwa kibali. Huo mwingine ungepita wapi? Sasa milango imefunguliwa, kila kitu kinaingia. Wanaotukopesha ndio wanaoutuma. Wanaushonea ndani ya mifuko ya mitumba, kimyakimya, ili taifa lilegee. Wewe hilo koti lako, ulishakagua mifuko?

Redio alicheka. Baada ya muda kidogo mkono wake uliteremka wenyewe, ukapapasa mfuko.

— Mimi nasikiaga unapita mpaka kwenye kanda, alisema Boniphace akimimina. Binti yangu akiweka Cheche, vyombo haoshi. Anabaki anaangalia ukuta. Nimeinusa ile kanda. Ina harufu.

— Harufu ya kanda, Boni, alisema Felisian. Na binti yako ana umri wa kuangalia ukuta.

Walicheka wote isipokuwa Waziri. Yeye alikunja gazeti, akaangalia juu ya mlango.

— Ule ubao ushuke.

Felisian aliendelea kunyoa.

— Nasema kwa faida yako. Vijana wote wa hapa wana kichwa kile, na ni wewe unayewatengenezea. Wakishakuwa na nywele zake watataka na kilicho chini ya nywele. Kama huwezi kuushusha, tufute uso tu.

Felisian alipangusa kiwembe. Alimkumbuka Enoka kwenye kiti hichohicho, kabla hajaenda Dar, kijana asiyeweza kutuliza kichwa. Alikuwa akiimba chinichini anaponyolewa, na Felisian alilazimika kumshika sikio ili asimkate. Alijaribu kumkasirikia, akashindwa. Alijaribu kumhurumia, nako akakwama, maana mtu wa kwenye gazeti na yule wa kwenye kiti walikataa kuwa mtu mmoja.

Waziri alikuwa amekwisha kuchovya kitambaa kwenye ndoo. Alivua viatu, akapanda juu ya benchi. Redio na Boniphace walisogea kumpa nafasi.

— Shuka, Masatu, alisema Felisian. Safari hii hakumwita Waziri.

— Dakika moja tu.

— Nimesema shuka. Huo ni ubao wangu.

Kitambaa kilikuwa kimegusa kidevu cha Enoka pale mwanamke mmoja aliposimama mbele yao na furushi kichwani. Alikuwa ameshuka kwenye gari la Nyamuswa. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi. Felisian alimtambua, akaweka kiwembe chini.

— Shikamoo mama Enoka.

— Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa mna gazeti la Enoka.

Waziri aliteremka, kitambaa kikimdondoshea maji kwenye suruali. Alikitafutia mahali pa kukiweka, hakupaona.

— Karibu, mama. Tulikuwa tunalijadili. Jambo lenyewe ni pana, maana msanii ni kioo cha vijana, na kwa hali ya nchi ilivyo...

— Hilo sijauliza, baba. Yuko hospitali gani?

Waziri alifungua gazeti. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Redio alikuja kumsaidia. Gazetini mlikuwa na rangi ya shati alilovaa Enoka, jina la wimbo uliokatika, wanawake waliopiga mayowe, na maneno marefu ya mtu mmoja aliyesikitikia maadili. Waligeuza ukurasa, wakakuta mpira. Wakarudi mwanzo. Boniphace, asiyejua kusoma, naye aliinama akaangalia.

— Hawajaandika, alisema Redio hatimaye.

Mama Enoka alikuwa bado amesimama na furushi lake.

— Lakini ninyi mnajua, alisema. Nimewasikia tangu nikiwa kule barabarani.

Waziri alikunja gazeti, akalisukuma chini ya benchi. Felisian alimwomba radhi mteja wake, ambaye alikuwa amebakiza kisogo tu, akachukua ganda la kanda ya Enoka lililoandikwa namba ya simu ya bendi, akampokea mama yule furushi. Wakaenda posta.

Walikaa muda mrefu kabla laini haijapatikana. Aliyepokea alikuwa mpiga gitaa. Felisian alimpa mama simu, naye akaishika mbali kidogo na sikio, akapaza sauti kana kwamba Dar ilikuwa ng'ambo ya mto. Alitaja jina lake. Aliuliza hospitali, akairudia kwa nguvu ili Felisian aishike. Aliuliza kama mwanawe anakula. Kisha akasikiliza, na mkono uliokuwa huru ukafunga na kufungua fundo la kanga.

— Amekunywa uji jana, alimwambia Felisian alipokata simu. Nusu kikombe. Gari la Mwanza linaondoka saa ngapi, nikaunganishe la Dar?

Felisian alimsindikiza mpaka akapata kiti, akarudi kibandani. Wenzake walikuwa bado wapo, na gazeti lilikuwa limekunjwa chini ya benchi. Kwenye ubao, kidevu cha Enoka kilikuwa kimefifia, lakini uso ulikuwepo.

— Vipi? aliuliza Waziri. Amekiri?

— Amekiri nini?

— Ule unga.

— Mama hakuuliza, alisema Felisian. Enoka amekunywa uji, nusu kikombe.

Redio aliuliza kama kunywa uji ni dalili nzuri. Waziri alisema inategemea, kisha hakusema inategemea nini. Boniphace aliinamisha birika, likatoa masimbi tu ya kahawa. Felisian alimgeuza mteja wake kuelekea kwenye mwanga, akammalizia kisogo.